Hotuba ya Dakika Nne

Mume wangu alipanga bajeti ya nyumba ya ufukweni nyuma ya karatasi ya mtihani wa historia. Upande mmoja wanafunzi walikuwa wameulizwa sababu tatu za kuanguka kwa himaya. Upande wa pili mume wangu alikuwa anaianza ya kwake.

"Usiku thelathini mara miezi kumi na miwili," alinisomea. "Usiku mia tatu na sitini, Mama Watoto. Siku tano zinazobaki tutapumzika sisi."

"Na gharama?"

"Zipo hapo chini."

Hapo chini palikuwa na maneno mawili: sabuni, balbu.

Mimi nina stashahada ya ugavi na miaka kumi na sita katika ghala la hospitali. Nikitoa jozi moja ya glavu nataka saini. Nikamwuliza kama mlinzi wa funguo atalipwa kwa balbu, na kama mamlaka ya maji inapokea sabuni. Akasema napenda kuona giza kila mahali. Ni kweli. Ukilitarajia giza, unatembea na tochi.

Nyumba yenyewe sikuwa na ugomvi nayo. Vyumba vinne, baraza pana, hatua thelathini mpaka majini, saa tatu kwa basi kutoka tunapoishi. Tuliinunua kwa mkopo wa chama cha akiba cha walimu, na dhamana ikawa nyumba tunayolala sisi: vyumba vitatu, mfereji wa paa unaovuja, na fremu ya mlango wa jikoni yenye alama za penseli za urefu wa watoto wetu tangu walipoanza kusimama. Nilisaini. Sitajifanya nilisainishwa nikiwa usingizini. Nilikaa na kalamu siku tatu mfululizo, nikaona inawezekana, ila kwa kubana.

Sikuhesabu kwa fedha, maana fedha ina tabia ya kuonekana nyingi. Nilihesabu kwa usiku. Bei ya mgeni kulala usiku mmoja ndiyo ikawa kipimo changu, kama kijiko cha dawa. Rejesho la mkopo: usiku tisa kila mwezi. Mama wa usafi, anayeishi jirani na kutunza funguo: tatu. Maji na umeme: mbili. Kodi, leseni na ushuru wa taka: moja. Matengenezo, ambayo mume wangu alisema tutayaandika yakitokea: tatu, yatokee yasitokee, kwa sababu nyumba inayopulizwa na chumvi haihitaji sababu ya kuharibika. Jumla kumi na nane. Yaani mwezi unatembea mpaka tarehe kumi na nane kabla hatujapata hela ya kiberiti. Na katika kila usiku kumi, tovuti inayotuletea wageni inachukua moja na nusu kwa kazi yake nzito ya kuwa tovuti.

Miezi ya mvua tungeuza usiku sita, tukijitahidi. Kwa hiyo miezi ya likizo za shule ilibidi ibebe mingine mgongoni. Usiku mmoja wa likizo ukipotea, haurudi.

Mume wangu aliisoma bajeti yangu, akaikunja, akasema, "Umesahau furaha."

Nikamwambia furaha aiweke kwenye fungu la sabuni.

Lakini kilichokuja kutuumiza hakikuwa kwenye karatasi yake wala yangu. Kilikuwa kwenye hotuba.

Siku ya kufungua nyumba aliita ukoo mzima. Mume wangu akiwa mbele ya watu zaidi ya watano, sauti hupanda na akili hushuka. Alisimama barazani, akashika utepe niliokuwa nimenunua kwa ajili ya kufungia zawadi, akaongea dakika nne. Alianza na marehemu baba yake, akapitia umaskini, akakata kona kwenye umoja, kisha akatua hapa: "Nyumba hii si yangu. Nyumba hii ni yenu nyote. Mlango huu hautafungwa mbele ya damu yangu."

Wakapiga makofi. Wifi yangu mkubwa, dada yake, anayeuza mapazia na ana sauti ya kuyauzia, alilia. Baba Mdogo, polisi mstaafu, alipiga saluti. Shemeji yangu, mdogo wake, fundi simu, alirekodi yote na kuyatuma kwenye kundi la familia hata soda hazijaisha.

Nilimvuta mume wangu pembeni. "Umesema nini pale?"

"Nimesema ya moyoni."

"Moyo wako unajua namba ya mkopo?"

"Mama Watoto, ni maneno ya sherehe. Kila mtu anajua."

Kila mtu hakujua. Wa kwanza alikuwa Shemeji, aliyekwenda kupumzisha kichwa wakati wa likizo fupi ya shule. Kichwa kilikuwa kimoja, watu walikuwa sita. Akafuata Baba Mdogo. Yeye daktari alimshauri hewa ya bahari. Hewa ya bahari iko nje. Yeye alilala ndani, usiku kumi na mbili, feni ikizunguka mchana kutwa. Ndugu yao wa ng'ambo hakuja mwenyewe, ila alituma marafiki wawili na salamu. Mama mkwe peke yake ndiye hakwenda. Alisema hajaalikwa, na hotuba si mwaliko.

Hakuna aliyelipa na hakuna aliyedaiwa. Katika ukoo wa mume wangu ndugu haambiwi "hapana". Anaambiwa "karibu", kisha mwenye nyumba anaingia chumbani kukasirika peke yake. Nimeishi nao miaka kumi na tisa. Vyumba vyetu vimesikia mengi.

Hapakupita wiki mama wa usafi hajanipigia. Kitasa cha mlango wa nyuma kimeliwa na kutu. Pampu imegoma. Vijiko viliingia kumi na viwili, vimebaki saba. Mara mbili wageni wa kulipa walikuta nyumba ina watu. Mmoja alifungua mlango na sanduku lake mkononi akamkuta Shemeji sebuleni amejifunga taulo, naye kwa ukarimu wa ukoo akamkaribisha aketi. Tulimrudishia fedha zake. Alituachia nyota moja na maneno matatu: "Kuna mtu tayari."

Tukakosa rejesho la mwezi wa kumi. Tukakosa la mwezi wa kumi na moja. Kisha ikaja barua ya chama cha akiba, ya adabu sana, kama barua zote zinazotaka kukuvua nguo. Yale mawili tungeweza kuyazungumza. La tatu lisipoingia kufikia tarehe thelathini na moja, wangetuma mthamini kupima nyumba tunayoishi kwa ajili ya kuiuza. Niliisoma nikiwa nimeegemea fremu ya mlango wa jikoni. Kitinda mimba wangu alikuwa anataka nimpime, eti ameongezeka.

"Kesho," nikamwambia.

Kamba ilibaki moja. Familia ya watu wanane ilikuwa imeweka nafasi ya nyumba nzima kwa usiku kumi, kuanzia Jumamosi tarehe ishirini na nane. Tovuti hulipa siku moja baada ya mgeni kuingia. Kumi ukitoa moja na nusu ni nane na nusu. Rejesho ni tisa. Hiyo nusu ningeichokonoa popote. Kazi ilikuwa moja: wageni wakute nyumba tupu.

Alhamisi saa nne asubuhi, niko ghalani nahesabu bomba za sindano, simu ikaita. Mama wa usafi.

"Mama, wenye nyumba wamefika."

"Mwenye nyumba ni mimi."

"Ndivyo nilivyokuwa najua. Lakini wanasema ni wao. Wako kumi na moja, na magodoro matatu. Wifi yako anaulizia sufuria kubwa."

"Wanakaa mpaka lini?"

"Mpaka shule zifunguliwe."

Nikapoteza hesabu ya sindano, nikaanza upya. Jioni nikamweleza mume wangu. Alikaa kitandani na soksi moja mkononi.

"Mpigie dada yako."

"Nimwambie nini?"

"Atoke."

"Nitamwambiaje dada yangu atoke? Nilisema mbele ya watu wote."

"Basi mpigie mthamini, umkaribishe. Umwambie na huu mlango hautafungwa."

"Usinifanyie hivyo, Mama Watoto."

"Mimi sijafanya kitu. Mimi nilinunua utepe tu."

Hakupiga. Alishika simu, akaitazama, akaiweka chini ya mto kama hirizi. Ndipo nikaelewa kwamba nikingoja mtu wa ukoo huu aseme "hapana", tutapimwa sote na nyumba yetu. Nikafungua picha za daftari la wageni la mama wa usafi, alizokuwa ananitumia kila mwisho wa mwezi, nikajumlisha usiku ambao ndugu wamelala tangu siku ya ufunguzi. Arobaini na moja. Nikarudia, nikapata arobaini na moja. Hata nusu yake na ziada kidogo ikiuzwa, yale marejesho mawili yangelipwa.

Nikaandika bajeti upya, safi, mstari kwa mstari. Chini ya matengenezo niliongeza fungu jipya: Hotuba, usiku 41. Lilikuwa kubwa kuliko pampu, vitasa, vijiko na kodi kwa pamoja. Ijumaa asubuhi nilipita duka la fotokopi, nikatoa nakala sita. Nikapita na ofisi ya chama cha akiba, nikachukua fomu sita za mdhamini. Kisha nikampitia mama mkwe.

"Leo umealikwa, mama."

"Na nani?"

"Na mimi."

Akaingia ndani, akatoka na mkoba ambao ulikuwa umeshafungwa. Sijui ulikuwa umefungwa tangu lini. Nilimchukua nikitegemea kwamba mbele ya mama yao watashika adabu. Nayo ilikuwa hesabu, na kama hesabu nyingi za mwaka ule, haikutoka nilivyotaka.

Tulifika saa nane mchana, mimi, mume wangu na mama. Barazani magodoro yalikuwa yanaota jua. Watoto walikuwa wameingiza mchanga mpaka kwenye friji. Wifi alitoka jikoni na mwiko.

"Wifi yangu. Karibu kwetu."

"Ahsante," nikasema. "Ndiyo maana nimekuja. Kwa sababu ni kwenu."

Nikamwomba aite watu wazima. Shemeji alikuwepo, na Baba Mdogo alikuwepo chini ya feni. Tulikaa barazani. Mume wangu alichagua kiti cha mwisho, karibu na ngazi, kiti cha mtu anayefikiria kukimbia.

"Shemeji," nikaanza, "ile video ya ufunguzi bado unayo?"

"Ipo. Nataka kuiwekea muziki."

"Hebu tuisikie. Pale mwishoni."

Akaicheza. Sauti ya mume wangu ikajaa barazani: nyumba hii si yangu, nyumba hii ni yenu nyote. Wifi akatikisa kichwa kwa uchungu mtamu. Mume wangu alitazama viatu vyake kana kwamba vimeandikwa kitu.

"Alisema vizuri sana," nikasema. "Mimi nilichelewa kumwelewa, mnisamehe. Miezi mitano nimekuwa nalipia mali ya watu bila ruhusa yao. Leo nimekuja kuikabidhi." Nikagawa nakala. "Huu ni mwezi mmoja wa nyumba yenu. Nimehesabu kwa usiku ili isiwachoshe. Kumi na nane, gawanya kwa nyumba sita za ukoo, pamoja na yule wa ng'ambo, ni tatu kila mmoja. Kila mwezi. Kuna marejesho mawili ya nyuma, nayo ni usiku kumi na nane. Tatu tena kila mmoja."

Baba Mdogo alisogeza karatasi mbali na macho, akairudisha karibu, akaipeleka mbali tena. Umbali haukusaidia.

"Hii Hotuba ni nini?" akauliza.

"Ni usiku mliolala nyinyi, Baba Mdogo. Kumi na mbili ni zako. Za hewa."

"Mimi ni mtu wa pensheni."

"Ndiyo maana nimekuletea fomu ya mdhamini. Pensheni wanaipenda sana pale chamani." Nikazigawa. "Nakala ya kitambulisho, picha mbili ndogo, na hati ya mali. Anayemiliki nyumba anaudhamini mkopo wake. Kalamu ninazo."

Kama unataka kujua baraza la watu wazima linaweza kuwa tupu kiasi gani bila mtu kuondoka, toa fomu ya mdhamini. Shemeji alipigiwa simu ambayo haikulia, akaenda kuipokea kwenye ngazi. Wifi aliushika mwiko kwa mikono miwili.

"Wifi, hebu tuelewane. Kaka alikuwa anaongea tu."

"Alisema ni yenu."

"Watu husema. Mtu akikwambia jisikie nyumbani, unauza kabati lake?"

"Wewe umehamia na magodoro matatu."

"Likizo tu, wifi."

"Kwa hiyo si yako?"

Alimgeukia kaka yake. "Kaka, mwambie mkeo. Hii nyumba ni yako. Umeitolea jasho lako. Nani anaweza kukunyang'anya jasho lako?"

"Rudia, wifi," nikasema. "Shemeji, rudi hapa urekodi."

Akarudia. Baba Mdogo akaongeza kwamba kisheria, na yeye sheria anaijua, mali ni ya mwenye hati, na hotuba haijawahi kuwa hati. Alilisema hilo kwa ukali, kama vile mimi ndiye niliyebisha. Kwa dakika sita, mbili zaidi ya hotuba yenyewe, ukoo wa mume wangu ulimrudishia nyumba yake kwa nguvu zote. Alikuwa ameinua uso sasa. Nilimwona anavuta pumzi ya kushukuru, nikamkanyaga mguu.

Nikawaeleza habari ya wageni wa Jumamosi. Hakuna aliyefukuzwa, wifi mwenyewe alikumbuka kwamba ana mteja wa mapazia, na Shemeji akakumbuka kwamba anamjua mtu wa gari la mizigo. Nikaanza kukusanya fomu. Nilipofika kwa mama mkwe, hakuniachia ya kwake.

Alikuwa amevaa miwani.

"Fungu langu ni ngapi?"

"Mama, hii ilikuwa..."

"Sijauliza ilikuwa nini. Nimeuliza ngapi."

"Tatu. Za mwezi huu."

Akafungua mkoba, akatoa bahasha, akalowesha kidole, akahesabu polepole mbele yao wote bei ya usiku tatu. Akaniwekea mapajani.

"Mwanangu alisema ni yangu. Mimi sikuona ubaya. Niliona tu kwamba hakuna aliyeniambia bei." Akawatazama wengine mmoja mmoja, bila haraka, mpaka Baba Mdogo akaenda kuangalia bahari. "Nachukua kile chumba cha nyuma ya jiko."

"Kile ni stoo ya mashuka, mama," mume wangu akasema, sauti yake ya kwanza tangu tufike.

"Ndicho. Dirisha lake linaona bomba la nje na lango. Kila mwezi nitalipa. Na wewe ungesema mapema."

Nilikuwa nimekuja na nakala sita za kumtoa kila mtu, na mmoja amesaini. Wala hakuchukua kalamu yangu. Alikuwa na ya kwake.

Gari la mizigo liliondoka Jumamosi saa tatu asubuhi, mto mmoja ukiwa umepanda nalo kwa bahati mbaya. Mimi, mama wa usafi na mume wangu tulifagia mchanga mpaka kwenye friji. Wageni waliingia saa nane. Jumapili tovuti ilileta nane na nusu. Nusu iliyopungua niliitoa kwenye bahasha ya mama mkwe, na iliyobaki ikaenda kwa fundi wa pampu. Tarehe thelathini nilisimama kwenye foleni ya chama cha akiba, nikalipa usiku tisa kamili, nikaomba risiti, nikaomba na muhuri. Nyumbani nilimpima kitinda mimba kwenye fremu. Ameongezeka kidole kimoja, sawa na alivyodai.

Mama mkwe hajatoka kule mpaka leo. Mgeni akioga zaidi ya dakika kumi, anagonga ukuta. Nilijua ametumaliza, mpaka nikasoma maoni ya ile familia: "Kuna bibi mkali. Mashuka ni masafi, maji hayakukatika hata siku moja. Tutarudi." Nyota nne. Vijiko vimekuwa kumi na viwili tena. Sijauliza amevitoa wapi, ila wifi amelalamika.

Mwisho wa Januari tulikwenda kumwona, na nikampelekea nakala yake ya bajeti, kwa kuwa aliidai. Tulikula barazani. Alikuwa anapitisha kidole kwenye mistari.

"Sabuni katoni mbili? Nani anaogeshwa hapa, ng'ombe?"

"Wageni, mama."

"Moja inatosha. Na hii tovuti, hiyo moja na nusu mmewahi kuwaambia wapunguze?"

"Hawapunguzi."

"Mmewahi kuwaambia?"

Hatukuwahi. Niliandika pembeni: kuwaambia. Mume wangu alikuwa amemaliza kula. Alijifuta mdomo, akasukuma kiti nyuma, akasimama, akakohoa kile kikohozi ninachokijua.

"Mama, mke wangu," akaanza, "siku kama ya leo..."

"Kaa," tukasema, mimi na mama mkwe, kwa pamoja.

Akakaa. Katika miaka kumi na tisa ndiyo mara ya kwanza mimi na yule mama kukubaliana jambo. Nikachukua kalamu, nikashuka mpaka kwenye fungu la Hotuba, nikaandika: usiku 0.